Mnyauko kwenye glasi ya maji: kisa cha ushauri wa kilimo kwa picha, sauti na video za simu

Kisa na mipaka yake

Kisa hiki kimetoka kwenye bonde moja la umwagiliaji Nyanda za Juu Kusini, Tanzania. Majina ya watu, kijiji na mfereji yameondolewa, na mambo machache ya kifamilia yamebadilishwa ili mtu asitambulike. Mkulima anaitwa hapa Mama T. Ujumbe waliotumiana yeye na afisa ugani nimeupitia kwa ridhaa yao wote wawili, na wameafiki utumike kufundishia maafisa ugani wapya na viongozi wa vikundi vya wakulima.

Simu janja shambani husifiwa zaidi kwa picha: mkulima anapiga, mtaalamu anatazama, ushauri unarudi. Katika kisa hiki picha peke yake isingefika popote. Jibu lilipatikana pale mtaalamu aliyekuwa mbali alipomwomba mkulima afanye jaribio dogo kwa mikono yake, kisha amwonyeshe linavyoendelea. Madhara nayo yalitokea pale kipande kimoja cha mazungumzo hayo kilipotengwa na vingine na kurushwa peke yake.

Usuli

Mama T. ni mjane aliyevuka miaka hamsini. Kiangazi hulima nyanya kwa maji ya mfereji. Ana vipande viwili: cha juu, karibu nusu eka, pale mfereji unapoingilia bondeni, na cha chini, kidogo zaidi, kinachopakana na mashamba ya majirani. Msimu uliotangulia kipande cha juu kilikuwa na viazi mviringo. Miche ya nyanya aliinunua kwenye kitalu cha jirani.

Afisa ugani wa kata hiyo ni mwanamke, wote humwita bibi shamba, na anahudumia vijiji kadhaa peke yake kwa pikipiki. Wiki hiyo alikuwa upande wa pili wa kata kwenye usajili wa wakulima wa mbolea ya ruzuku, kazi isiyoachwa katikati. Kwenda bondeni na kurudi kungemlia siku nzima.

Mama T. ana kitochi: anapiga, anapokea, anatuma pesa na meseji fupi. Mjukuu wake, kijana aliyemaliza kidato cha nne, ndiye mwenye simu janja, kioo chake kimepasuka pembeni. Bondeni intaneti haishiki. Lazima upande hadi mgongoni mwa kilima, karibu na kanisa. Hili linaonekana dogo, ila liliamua mengi, maana kila kitu kilirekodiwa shambani mchana na kutumwa kwa mafungu jioni, kijana alipopanda kilimani.

Matukio kwa mfuatano

Ujumbe wa kwanza ulikuwa meseji ya kawaida kutoka kwenye kitochi: “Habari bibi shamba nyanya zangu zinakufa naomba dawa.” Meseji moja inabeba herufi 160, kwa hiyo nafasi ilikuwepo ya kueleza zaidi. Lakini mkulima aliyeshikwa na hofu haelezi dalili, anaomba dawa. Kabla ya hapo Mama T. alikuwa amekwishapita dukani. Muuza pembejeo alimsikiliza na kumwuzia dawa ya ukungu. Haikusaidia. Jirani akamwambia ni kantangaze, yule nondo wa nyanya aliyeingia nchini kutoka kaskazini miaka ya 2014, naye akanyunyiza dawa ya wadudu. Akarudia tena ile ya ukungu. Mara tatu, na miche ikaendelea kuanguka.

Nisingependa muuza duka alaumiwe peke yake hapa. Aliambiwa nyanya zinakufa, akajibu kwa kile kinachoua nyanya mara nyingi zaidi.

Bibi shamba alipiga simu. Mtandao ukakatika mara kwa mara, wakaelewana jambo moja tu: mjukuu atume picha kwa WhatsApp.

Jioni zikaja picha nne. Moja ya shamba zima kutoka mbali, mbili ambazo kidole kimeziba pembe, na moja ya mche umelala. Zote zilipigwa jua likiwa utosini. Saa hizo hata nyanya nzima hulegea majani. Bibi shamba angeweza kutaja sababu tano bila kukosea wala kupatia: kiu, maji kutuama, minyoo fundo kwenye mizizi, mnyauko wa fuzari (ukungu wa udongoni), mnyauko wa bakteria. Kitu kimoja kilimvuta kwenye ile picha ya nne. Mche ulikuwa umelala lakini majani yake bado ya kijani. Fuzari kwa kawaida huanza kwa kumfanya mgonjwa awe njano, majani ya chini kwanza, mara nyingi upande mmoja wa mche. Bakteria humlaza akiwa bado kijani. Ilikuwa dalili tu, si ushahidi.

Hakujibu kwa maandishi. Alituma ujumbe wa sauti akianza na “Shikamoo mama,” akaomba mambo mawili. Kwanza picha mpya, asubuhi kabla jua halijapanda: moja ya shamba, moja ya mche mzima uliong'olewa na mizizi yake, moja ya shina lililopasuliwa kwa kisu, na kalamu iwekwe kando ili ukubwa uonekane. Mjukuu apanguse kamera kwanza. Pili, Mama T. mwenyewe, si mjukuu, azungumze kwenye simu aeleze shamba lake tangu mwanzo, bila haraka.

*Sauti ya Mama T.*

Ujumbe uliorudi ulikaribia dakika nne. Ukiusikiliza kwa mara ya kwanza unaona umezunguka sana: unaanzia kwenye bei ya mbegu, unapita kwa jirani aliyemcheleweshea zamu ya maji, unafika kwa ng'ombe waliovunja uzio. Mjukuu anasikika nyuma akimwambia bibi afupishe. Ni heri Mama T. hakumsikiliza.

Katikati ya maelezo hayo kuna mambo mawili ambayo hakuna fomu ingeyauliza. La kwanza: mnyauko ulianza pale maji yanapoingilia, ukashuka nao kufuata matuta. La pili alilisema kama malalamiko ya pembeni tu, akieleza kwa nini aliachana na viazi: “Mwanangu, vile viazi vilinivunja moyo, ukivikata vina duara la kahawia ndani, na machoni vinatoa usaha, udongo unagandia hapo.”

Bibi shamba alisimamisha sauti akairudia. Usaha kwenye macho ya kiazi na duara la kahawia ndani ni alama za ugonjwa uleule unaoitwa mnyauko wa bakteria kwenye nyanya. Vimelea vyake, *Ralstonia solanacearum*, hukaa udongoni na husafiri na maji, miche, mbegu za viazi na jembe lenye tope. Mama T. hakuwahi kuunganisha viazi vya mwaka jana na nyanya za mwaka huu, na hapakuwa na sababu ya yeye kuviunganisha.

Picha za asubuhi nazo zilikuwa nzuri. Miche bado imelala hata baada ya baridi ya usiku, mizizi haina vifundo, shina lililopasuliwa lina rangi ya kahawia ndani. Lakini shina la kahawia linaweza kuwa la fuzari pia.

*Glasi*

Hapo ndipo bibi shamba alipoomba video. Jaribio lenyewe ni la zamani na halihitaji maabara: unakata kipande cha shina la chini la mche unaonyauka, urefu wa kidole, unakiosha, unakining'iniza ncha ya chini ikigusa maji safi kwenye glasi angavu, kisha unatulia. Kama ni bakteria, baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa hushuka kutoka kwenye shina. Fuzari haitoi kitu hicho.

Maelekezo aliyatuma kwa sauti, kisha akatuma picha ya mchoro aliouchora kwa kalamu kwenye daftari la usajili: glasi, kijiti kimelazwa mdomoni mwa glasi, shina limefungwa kwa uzi. Akaongeza mambo matatu ambayo kwa maoni yangu ndiyo yaliyoifanya video isomeke. Glasi iwekwe mbele ya kitu cheusi. Shina la mche usio na ugonjwa likatwe vilevile na kuwekwa kwenye glasi ya pili kando. Na wasirekodi mfululizo, ila vipande vifupi: mara tu shina linapogusa maji, halafu baada ya muda, halafu tena, kwa sababu bando la mjukuu lisingebeba video ya dakika kumi.

Mama T. alitafuta kitu cheusi akapata sufuria lake la kupikia maharage, limejaa masizi. Kwenye video linaonekana vizuri. Kipande cha kwanza: glasi mbili, maji safi. Cha pili: kwenye glasi ya kushoto kuna uzi mwembamba mweupe, umenyooka kutoka kwenye shina hadi chini. Cha tatu: maji ya kushoto yameanza kuwa na wingu, ya kulia yako vilevile. Sauti ya Mama T. inasikika: “Haya, tazama maziwa hayo.”

Maamuzi na sababu zake

Bibi shamba alipokea vipande hivyo usiku. Alikuwa na njia mbili. Angeweza kusubiri sampuli ifike kituo cha utafiti na majibu yarudi, au aamue kwa alichokiona. Aliamua usiku uleule, na hoja yake naiona sahihi. Ushauri ambao angetoa usingemdhuru Mama T. hata kama ungekuwa na kosa, kwa kuwa miche iliyolala isingeinuka kwa namna yoyote. Kusubiri ndiko kungekuwa na gharama, maana maji yalikuwa yanapita shambani kila zamu. Sampuli ilitumwa vilevile, kwa basi.

Ushauri wenyewe ulikuwa huu. Usinyunyize tena kitu chochote, kwa sababu hakuna dawa ya dukani inayoponya ugonjwa huu ndani ya shina. Ng'oa kila mche uliolala pamoja na mizizi, uchome mbali na mfereji, usiutupe majini. Jembe na viatu vioshwe kabla ya kuhamia kipande cha chini, na cha chini ndicho kihudumiwe kwanza kila siku. Kipande cha juu kisipandwe nyanya, viazi, biringanya, pilipili wala nyanya chungu kwa misimu kadhaa. Mahindi, kabichi au vitunguu vinafaa.

Uamuzi mgumu ulihusu maji. Kwa kawaida kipande cha juu hunyweshwa kwanza na ziada hurudi mferejini kwenda kwa wa chini. Bibi shamba alitaka kipande cha juu kifungwe kabisa, au kinyweshwe mwisho na maji yake yasirudi. Hilo haliwezi kuamuliwa na mkulima mmoja, linahitaji kamati ya mfereji na majirani. Na majirani hawakuamini. Kwao nyanya za Mama T. zilikuwa zinakufa kwa sababu hajui kunyunyiza.

Ndipo bibi shamba alipofanya jambo ambalo faida na hasara zote za baadaye zinatokana nalo. Aliweka kwenye kundi la WhatsApp la wakulima wa bonde video ya glasi, picha mbili za shamba, moja ikimwonyesha Mama T. amesimama kati ya matuta, na ujumbe wa sauti wa nusu dakika wenye maneno haya: “Nyanya zikinyauka hivi, msinunue dawa yoyote, ng'oeni mchome.” Alitaka kuwashawishi watu wa mfereji kabla ya zamu ya kesho yake. Hakumwuliza Mama T. kuhusu picha. Muda ulikuwa umekwenda, na kitochi chake kilikuwa kimezimwa.

Matokeo

Kipande cha juu kilipotea karibu chote. Hilo lisingezuilika. Kipande cha chini kilipona kwa sehemu kubwa: miche michache upande wa mfereji ilinyauka, ikang'olewa mapema, iliyobaki ikazaa. Mama T. aliacha kununua dawa siku ileile.

Video ya glasi ilifanya kazi kwa majirani kuliko nilivyotarajia. Wawili walirudia jaribio nyumbani kwao jioni hiyohiyo, mmoja akapata nyuzi nyeupe, mwingine hakupata. Kamati ilikubali kubadilisha zamu ya maji kwa msimu huo. Mkulima mmoja alikataa na akaendelea kurudisha maji mferejini, na hadi leo wanabishana kuhusu shamba lililokuwa chini yake. Majibu ya kituo cha utafiti yalipokuja, yalithibitisha bakteria.

Upande wa pili wa matokeo ulijitokeza sokoni. Ndani ya kundi lile walikuwemo madalali wawili. Waliona picha ya Mama T., wakatambua bonde, na walipokuja kununua kipande cha chini walishusha bei wakisema nyanya zake zina ugonjwa. Bakteria huyu hamdhuru mlaji, na matunda ya kipande cha chini yalikuwa mazima. Lakini picha ilikuwa imeshasema. Mama T. aliuza kwa hasara kiasi, na alimweleza bibi shamba bila kuzungusha kwamba ameaibishwa.

Tatizo la tatu lilichelewa. Mvua zilipoanza, miezi kadhaa baadaye, ule ujumbe wa sauti wa nusu dakika ulifika kwenye kundi la kata nyingine, juu zaidi, kwenye baridi na ukungu wa asubuhi. Ulifika peke yake, bila video na bila picha. Mkulima mmoja huko alikuwa na mabaka meusi yenye majimaji kwenye majani, na chini ya jani utando mweupe unaoonekana alfajiri. Huo ni ukungu wa baka jani, ugonjwa unaozuilika kwa dawa ikinyunyizwa mapema na kwa ratiba. Yeye alisikia sauti ya afisa anayemwamini ikisema msinunue dawa yoyote. Akaacha kunyunyiza. Kwa hali ya hewa ile shamba halikuchukua muda kuisha.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kila aina ya ujumbe ilibeba kitu ambacho nyingine isingebeba, na ndiyo maana nakataa kusema kwamba video ndiyo iliyosaidia. Picha ilionyesha hali: majani ya kijani kwenye mche uliolala. Sauti ilileta historia, viazi vya mwaka jana na njia ya maji. Video ilileta muda, yaani kitu kinachotokea kati ya dakika ya kwanza na ya tano. Bila historia bibi shamba asingefikiria glasi. Bila picha asingejua aanzie wapi kuuliza.

Sauti inastahili neno la ziada kwa sababu maafisa wengi huikwepa. Wanasema inachosha, huwezi kuipekua kama maandishi, na ni kweli. Lakini Mama T. akiandika, anaandika maneno manane. Akizungumza, anazungumza kama mtu anayelijua shamba lake. Kumwomba azungumze bila haraka, tena yeye mwenyewe na si mjukuu anayefupisha, ulikuwa uamuzi wa kitaalamu. Kwa bando pia sauti ni nafuu, dakika nzima ni nyepesi kuliko picha moja isiyobanwa na haifiki popote karibu na video.

Kuchelewa kwa ujumbe nako kulisaidia, ingawa hatujazoea kukuhesabu kuwa faida. Simu ya kupiga ilidai wote wawili wawe na mtandao kwa wakati mmoja, na hilo halikuwezekana. Ujumbe ulisubiri. Mama T. alirekodi saa ya jua zuri, mjukuu akatuma jioni, bibi shamba akasikiliza usiku baada ya usajili, akarudia sehemu iliyomshtua. Kwenye simu ya kawaida yale maneno kuhusu viazi yangepita.

Mchoro wa daftari naupenda kuliko kitu kingine chochote kwenye kisa hiki. Watu hufikiri mkulima ndiye mtuma picha na mtaalamu ndiye mpokeaji. Hapa mtaalamu naye alituma picha, mbaya, ya kalamu, na jaribio likafanyika sawasawa mara ya kwanza.

*Kwa nini haikuwa MMS*

Swali hili huulizwa kila ninapofundisha kisa hiki, kwa hiyo acha nilijibu. Ujumbe wa picha wa MMS uliingia sokoni mwaka 2002, miaka mingi kabla ya WhatsApp iliyoanza 2009, na una sifa moja ambayo WhatsApp haina: unakwenda kwa namba ya simu, haujali mpokeaji ameweka programu gani. Jirani mmoja mwenye simu ya vitufe yenye kamera aliwahi kujaribu kumtumia bibi shamba picha kwa njia hiyo. Ukagoma kutoka, kwa kuwa mipangilio ya MMS haikuwamo kwenye simu yake. Hata ungetoka, mitandao mingi huweka kikomo cha takriban kilobaiti 300 kwa ujumbe, ambacho kinatosha picha moja iliyobanwa lakini hakitoshi video tatu za glasi. Na kila ujumbe hulipiwa peke yake wakati bando lipo tayari.

WhatsApp nayo hubana picha. Kwa mche uliolala haina neno. Kwa utitiri, au ule utando mweupe chini ya jani, kubanwa huko hufuta kile hasa unachotaka kukiona. Hapo mjukuu achague ubora wa HD, au aitume picha kama faili la dokumenti.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Ujumbe wa sauti wa kundi ulitungwa kama mtu anayeongea na chumba anachokijua. “Zikinyauka hivi” ina maana pale tu “hivi” inapoonekana, na iliyokuwa ikionekana ni video iliyokuwa juu yake kwenye kundi. Ikitolewa hapo, amri inabaki na sababu inapotea. Tena haikuwa na tarehe wala mahali wala jina la ugonjwa, kwa hiyo miezi ilipopita haikuchakaa, ilisikika mpya kama iliyotoka jana. WhatsApp huweka alama kwamba ujumbe umesambazwa, na tangu 2019 imezuia mtu kuusambaza kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja. Hayo hayamsaidii mkulima wa kata ya juu. Mtu mmoja tu alitosha kuufikisha kwake.

Bibi shamba sasa huanza kila sauti ya kundi hivi: mwezi na mwaka, bonde, zao, jina la ugonjwa, halafu “kama jaribio la glasi halikutoa nyuzi nyeupe, ushauri huu si wako, nipigie.” Inachukua sekunde kumi. Huweka pia maelezo na picha ndani ya video moja, ili mwenye kusambaza asambaze vyote. Naiona hii ya pili kuwa na nguvu zaidi. Watu hawasikilizi utangulizi, lakini hawawezi kutenganisha sauti na picha zilizounganishwa.

Kuhusu picha ya Mama T. sina utetezi wa kumpa bibi shamba, ingawa naelewa haraka aliyokuwa nayo. Video ya glasi ilikuwa na mikono, sufuria na maji. Ilitosha kuwashawishi majirani bila sura ya mtu. Picha ya mwenye shamba haikuongeza chochote kwenye utambuzi wa ugonjwa, iliongeza tu utambuzi wa mtu. Tangu Mei 2023 Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi, na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa binafsi hata ikiwa imepigwa kati ya nyanya. Kabla ya sheria kuna heshima. Mama T. alifungua shamba lake kwa mtu mmoja, akajikuta kalifungulia kundi zima, madalali wakiwemo.

Muundo wa kundi lenyewe nao ni tatizo ambalo halijatatuliwa. Wakulima wanawataka madalali humo kwa ajili ya bei. Bibi shamba anataka mahali pa kuongelea magonjwa bila wanunuzi kusikiliza. Walijaribu kufungua kundi la pili, likakaa kimya kwa sababu watu hawataki kufuatilia makundi mawili kwa bando moja. Kwa sasa magonjwa huripotiwa kwake binafsi na yeye ndiye anayeamua nini kiende kundini, jambo linalomwongezea kazi na kumfanya yeye kuwa mlango pekee.

Mwisho kuna suala la kumbukumbu. Ujumbe wote wa kisa hiki, dakika nne za Mama T. zikiwemo, umo kwenye simu binafsi ya bibi shamba, aliyoinunua kwa pesa yake na kuiwekea bando kwa pesa yake. Ofisi ya kata haina nakala. Akihamishwa, afisa atakayekuja atakuta mfereji uleule wenye bakteria udongoni, na hatajua ni kipande kipi kisipandwe viazi. Nilipomwambia ahamishe mazungumzo hayo yawe faili na kuyaweka kwenye kompyuta ya halmashauri, aliniuliza kompyuta ipi.